Mto Chini ya Goti

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza shule. Ungeniona na umri huu nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kalamu mkononi, ungecheka mpaka ukohoe. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini kituo cha afya kimeanzisha mafunzo kwa wanaotunza wagonjwa nyumbani, kila Jumanne mpaka mvua ziishe, bila malipo, na mimi mgonjwa ninaye.

Mgonjwa wangu ni mama mkwe. Mwezi uliopita aliteleza uani akaangukia ubavu, na tangu siku hiyo mguu wake wa kulia hausogei. Alianguka wiki ileile niliyokuwa nianze kazi ya kufua mashuka pale kituoni. Kazi akapewa mwingine. Sikulalamika. Mtu hachagui siku ya kuanguka.

Mwalimu wetu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye sauti inayokata kama mkasi. Ameleta mifupa ya mtu mzima, ya plastiki, imetundikwa kwenye chuma. Bibi mmoja nyuma yangu alitoka nje akasema hawezi kukaa chumba kimoja na marehemu. Sisi tuliobaki tumeipa jina, Bwana Mkavu. Mwalimu alishika paja la Bwana Mkavu akalizungusha kwenye nyonga, likazunguka kama mchi ndani ya kinu.

"Kila siku mnabeba watu hamjui mnabeba nini," alisema. "Mkijua mwili unavyokwenda, mtaacha kuvunjana migongo."

Mwishoni akatuambia mvua zikiisha kituo kitachukua mmoja wetu awe msaidizi katika chumba cha mazoezi. Mmoja tu. Nimerudi nyumbani natembea juu ya maji, hata dimbwi sikuliona, nikalikanyaga zima zima. Mungu wangu, kama hujachoka kunisikia, naitaka kazi hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Choo kiko mwisho wa ua, na mama hataki beseni, anasema beseni ni la watoto. Nimembeba mgongoni kila alipohitaji. Kidevu chake begani kwangu, miguu inaning'inia. "Polepole," ananiambia sikioni. "Hata punda huangalia anapokanyaga."

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada wanawake wa kikundi chetu cha maombi walikuja kumjulia hali. Mbele yao mama ni asali. "Huyu ananibeba kama yai," aliwaambia, akanipapasa mkono. Mlango ulipofungwa tu akanigeukia.

"Wewe mgeni, ile chai ilikuwa ya baridi."

Miaka ishirini na mbili nimo ndani ya nyumba hii, na bado ananiita mgeni. Anasema mwanamke huwa mwenyeji siku anapozaa, na mimi sikuzaa. Aliwahi kusema mezani kwamba tumbo langu ni stoo ya upepo. Mume wangu alicheka. Baadaye chumbani aliniomba msamaha. Ndivyo alivyo mume wangu, hucheka sebuleni akatubu chumbani.

"Na huko shuleni mnafundishwa nini?" mama akaniuliza.

"Jinsi mwili unavyotembea, Mama."

"Mwili unatembea kwa miguu. Haya, nimekufundisha, usiende tena."

Nilicheka, siwezi kusema uongo. Akitaka kuchekesha anajua.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimejifunza kwamba msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Kila kiungo kina msuli wa kukikunja na msuli wa kukinyoosha, mmoja ukivuta mwingine hulegea. Njia nzima nilikuwa nawaangalia watu kama mwizi: fundi baiskeli anavyochuchumaa, mtoto anavyoruka mtaro, muuza mkaa anavyotupia gunia begani. Kumbe yote hayo yanatokea chini ya ngozi na hakuna anayejua. Miaka yote nimekuwa namshukuru Mungu kwa jumla jumla. Leo nimemshukuru kwa ajili ya kifundo cha mguu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nimeteleza naye mgongoni, nikapiga goti chini, sikumwangusha. Alinitukana.

Jumanne, 18 Machi

Mwalimu ametugawia futi za kupimia, kama zile za fundi cherehani. Amesema mguu usiotumika hukonda, na unaanzia kwenye kigimbi. Ndani ya wiki chache nyama hulegea, na futi hulijua hilo kabla ya jicho. Tupime miguu yote miwili, tulinganishe.

Jioni nilimpima mama. Vigimbi sawa kwa sawa. Nikapima tena. Sawa. Nikabonyeza cha kulia, kigumu kama mkate wa juzi.

Nadhani sijui kupima. Pia nilipomwosha nilikuta tope bichi katikati ya vidole vya mguu huo. Alisema mume wangu alimpeleka chooni na miguu ikaburuzika. Inawezekana, mume wangu hajui kubeba.

Jumanne, 25 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Leo mwalimu alimlaza mkekani mwenzetu mmoja, baba mnene anayemtunza mkewe. Akamwambia ainue mguu wa kushoto. Kabla hajainua, akatuita mmoja mmoja tuweke kiganja chini ya kisigino chake cha kulia. Zamu yangu ilipofika, yule baba aliinua wa kushoto, na wa kulia ukanikandamiza kiganja mpaka vidole vikauma.

"Nani amemwambia aukandamize?" mwalimu aliuliza. "Hakuna. Hata yeye mwenyewe hajijui. Ukilala na kuinua mguu mmoja, mwili unajiegemeza kwa mwingine. Mguu uliokufa hauegemewi, utakaa mkononi mwako kama kuni."

Alitufundisha ili tupime uhai uliobaki kwa mgonjwa, tusikate tamaa mapema. Na mimi, Mungu ananiona, nilirudi nyumbani kutafuta tumaini. Nilitaka kumwambia mama, furahi, umebaki na uhai kidogo.

Nilimkuta amelala chali anasikiliza redio. Nikachukua mafuta ya kumchua, nikaweka kiganja changu chini ya kisigino cha kulia.

"Mama, niinulie kidogo huu wa kushoto, nikupake nyuma ya paja."

Akauinua. Na kile kisigino kilichokufa kikashuka juu ya kiganja changu kama jiwe la kusagia.

Nikamwomba arudie. Kikashuka tena.

"Umepotelewa na nini huko chini?" aliniuliza.

"Natafuta uhai, Mama."

"Uhai uko huku juu, na una njaa."

Nikaenda kumpakulia. Nikakaa kwenye kigoda nikamtazama anavyokula, anavyotafuna taratibu kama mtu asiye na deni kwa yeyote. Nikayahesabu moyoni, sitayaandika kwa tarakimu: kila safari ya kwenda chooni, kila usiku niliolala na kitambaa cha moto kiunoni, kazi ya mashuka aliyopewa mwingine, yule punda. Nikatoa vyombo. Nikaviosha. Nikasali, lakini sala haikuniingia, ilikuwa kama kusali kwa niaba ya mtu mwingine.

Alhamisi, 27 Machi

Mume wangu ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji. Alirudi asubuhi koti likichuruzika. Nilimngoja mlangoni.

"Mama anatembea," nilimwambia.

Alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Akabaki nacho mkononi.

"Umemwona?"

Hilo ndilo alilouliza. Hakusema unasema nini, hakusema haiwezekani. Umemwona?

"Umejua tangu lini?"

"Alianguka kweli, mke wangu. Aliumia kweli kabisa. Kama wiki mbili hivi."

"Na baada ya hizo mbili?"

"Si unamjua mama. Anaogopa. Ukipata kazi utatoka asubuhi, utarudi jioni, utaanza kuona nyumba hii haina maana. Huna mtoto wa kukurudisha."

"Kwa hiyo mkanifunga kwa mguu wake."

"Mimi sijamfunga mtu. Mimi nilinyamaza tu."

"Na Jumanne nikienda mafunzo?"

"Anazunguka zunguka uani. Kujinyoosha." Akanishika mkono. "Usimwaibishe mbele za watu, nakuomba. Ni mtu mzima yule."

Akaenda kulala. Haukupita muda nikasikia anakoroma. Uongo wao ningeweza kuumeza. Ule mkoromo ndio ulionikaa kooni.

Jumapili, 30 Machi

Mahubiri yalikuwa ya kusamehe. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote.

Jumanne, 1 Aprili

Leo lilikuwa somo la kumlaza mgonjwa. Mwalimu alishika mto akauinua juu tuuone sote.

"Mtu wenu akikaa kitandani sana atawaomba muweke mto chini ya goti," alisema. "Ni raha. Goti likikunjwa kidogo, maumivu yanapungua. Atawashukuru, atawabariki. Na mkiuacha hapo, misuli ya nyuma ya paja itajifupisha, kano zitakaza, na goti halitanyooka tena. Mkiweka na blanketi zito juu ya vidole, wayo nao utaelekea chini ukae hivyo hivyo. Mmemlemaza kwa upendo. Nimeona watu waliopona kiharusi wakashindwa kusimama kwa sababu ya mto."

Bibi mmoja aliuliza inachukua muda gani. Mwalimu akasema kwa mzee asiyeinuka, wiki sita, nane, mambo yameshaharibika.

Wenzangu waliandika: usiweke mto. Mimi pia niliandika hivyo.

Jioni nilichukua mto wangu mwenyewe, ule laini, nikauvalisha foronya safi, nikaupenyeza chini ya goti lake la kulia. Kisha nikakunja blanketi la sufi mara mbili, nikalilaza juu ya vidole.

"Aa," mama alisema, akafumba macho. "Leo umenikumbuka."

"Nimekukumbuka, Mama."

Alhamisi, 3 Aprili

Mto peke yake hautoshi kwa mtu anayejinyoosha uani nisipokuwepo. Kwa hiyo jana nilikwenda kwa katibu wa kikundi cha maombi, mwanamke mwenye mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi, asiyejua kufanya kitu nusu. Nikamwambia mama anashinda peke yake na roho yake inasononeka. Hakuna neno la uongo hapo.

Leo saa moja asubuhi walikuwa mlangoni, wawili wawili kwa zamu, mpaka jioni, na Jumanne wamo. Wamekuja na vitabu vya nyimbo, vitambaa vya kufuma na sauti zao.

"Mama yetu, hutakuwa peke yako tena!" katibu akamtangazia.

Mama alinitazama kupitia bega la katibu. Nikatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la kweli.

Na usiku natandika godoro mlangoni mwa chumba chake, ili akinihitaji asipate taabu ya kuita. Mume wangu yuko lindoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Kila akijaribu kujigeuza, wanawake wawili wanainuka kumshika.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilijua ataujaribu mlango huu wa kupona. Katikati ya wimbo mama alipaza sauti, "Jamani! Vidole! Nahisi vidole vinacheza!"

Katibu akadondosha kitambaa. Mwingine akaanza kulia. "Inuka, Mama, inuka kwa imani!"

Nikaacha sufuria, nikaingia. "Msimguse!" Wakarudi nyuma wote. Nikapiga magoti, nikashika nyonga ya mama kwa mikono miwili kama mwalimu anavyomshika Bwana Mkavu, nikawaeleza kwa upole. Kwamba mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya nyonga. Kwamba misuli inayokishikilia imelegea. Kwamba mgonjwa akianza kuhisi vidole ndiyo saa ya hatari, akisimama kabla ya wakati kichwa kile kitachomoka na hatasimama tena maishani. Kwamba mwalimu ameagiza alale bila kusogea, hata haja aifanyie kwenye beseni, mpaka mvua ziishe.

Mwalimu hajawahi kusema neno kama hilo. Nusu ya kwanza ni kweli, nusu ya pili niliitunga pale pale, na ilitoka kinywani laini kuliko ile ya kweli.

"Tunashukuru uko hapa," katibu aliniambia, macho yamejaa machozi. "Sisi tungemuua."

Mama alikuwa amenikazia macho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa miaka hiyo yote kunitazama kama mtu anayeweza kufanya jambo.

Jumanne, 15 Aprili

Mwalimu amesema nina mikono inayosikia. Nimelirudia neno hilo njia nzima.

Jumatano, 16 Aprili

Wanawake walipoondoka mama alinishika kanga.

"Unajua," alisema.

"Najua nini, Mama?"

"Usinichezee. Unajua. Niache niinuke, nitawaambia nimepona, yatakwisha."

"Mguu wako umekufa, Mama. Uliniambia mwenyewe."

"Nyonga inaniuma kwa kulala. Mgongo unawaka moto."

"Mgongo na mimi uliniwaka."

Akacheka, kicheko kifupi, kikavu. "Kumbe una meno. Miaka yote nilidhani mwanangu ameoa uji."

Nikaurekebisha mto. Nikambusu kwenye paji la uso, sijui kwa nini nilimbusu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mume wangu hapati usingizi mchana kwa nyimbo. "Watu hawa utawaondoa lini?" aliniuliza.

"Mama yako akipona."

"Si unajua kwamba…"

"Sema. Wako sebuleni, katibu yupo. Nenda ukawaambie wewe na mama yako mlikuwa mnafanya nini. Mimi nitakushika mkono."

Alijiziba kwa blanketi. Mume wangu hanyamazi kwa sababu ana siri. Ananyamaza kwa sababu kunyamaza hakumgharimu kitu. Nimechelewa sana kuliona hilo.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo niliutoa mto ili nibadilishe foronya. Mama akapiga kelele.

"Rudisha! Nikinyoosha inauma. Rudisha mto wangu!"

Mto wangu, alisema. Nikarudisha haraka.

Jioni nikapima. Kigimbi cha kulia kimepungua upana wa kidole. Nikishika nyuma ya goti, kano mbili zimesimama kama nyaya za kuanikia nguo. Nilitazama futi nikasikia kitu ambacho nitakiandika kama kilivyo, maana hapa siwezi kujidanganya: kwanza nilifurahi. Furaha ya fundi aliyekata kitambaa kikakaa sawasawa na kipimo. Hofu ilikuja baadaye, na ilikuwa ndogo.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kwenye meza ya Bwana. Katibu aliuliza, nikasema tumbo.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua kubwa, mitaro imefurika, zamu ya jioni haikuja. Tulibaki wawili. Nilikuwa jikoni nikasikia kishindo.

Nilimkuta sakafuni kando ya kitanda. Alikuwa ameona mlango umebaki wazi na nyumba kimya, akajaribu kusimama kama alivyozoea. Mguu wa kushoto ulimshika. Wa kulia uligusa sakafu kwa ncha za vidole tu, goti limepinda, kisigino kikabaki hewani. Akaenda chini.

Hakuwa analia kwa maumivu. Alikuwa anautazama ule mguu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani ndani ya nyumba yake.

"Haunyooki," aliniambia. "Nauambia unyooke, haunyooki. Umenifanyia nini?"

"Nimekutunza, Mama. Watu wote wameona."

"Mimi nilikuwa nacheza! Mimi nilikuwa…"

Nikamnyanyua. Amekuwa mwepesi. Kidevu chake kilikaa begani kwangu na safari hii nilisikia meno yake tu yanagongana. Nilimlaza nikaondoa mto, nikaapa sitauweka tena. Nikamkalia pembeni. Haukupita muda akaanza kuugulia goti, kwanza kwa aibu, baadaye kwa sauti kama ya mtoto, kwamba anaomba mto, mto tu, hataomba kingine. Nilikuwa najua dawa ya pale: ningemwachia maumivu yale usiku mzima, na kesho, na kesho kutwa, pengine lingenyooka.

Nilimpa mto. Nikijiambia ni huruma.

Jumanne, 6 Mei

Bado wiki mbili tufanye mtihani. Usiku nataja mifupa badala ya kusali.

Jumanne, 20 Mei

Nimekuwa wa kwanza! Mwalimu alinifumba macho kwa kitambaa, akaninyooshea mkono wangu kwenye mwili wa Bwana Mkavu, nikataja kila mfupa nilioushika na misuli inayouvuta. Baba mnene alipiga makofi. Kazi ni yangu, naanza mvua zikikatika. Imebaki jambo moja tu, mwalimu hutembelea nyumba ya kila anayechukuliwa, aone mgonjwa wake anaendeleaje.

Sikuwa najua hilo la kutembelea.

Jumamosi, 24 Mei

Nimetoa mto. Nimetoa blanketi. Nimewashukuru wanawake, nimewaambia mama anahitaji kupumzika. Nachua goti asubuhi na jioni kwa mafuta ya moto. Halijasogea hata chembe.

Jumanne, 27 Mei

Amekuja.

Mama alikuwa amevaa kanga mpya, amechanwa nywele. Mume wangu alisimama dirishani akijifanya anatazama mvua iliyokuwa imebaki matone tu. Mwalimu alisalimia, akavua saa yake, akaweka mkono mmoja juu ya goti na mwingine chini ya kisigino, akajaribu kulishusha. Goti lilikataa. Akajaribu tena kwa upole zaidi. Akageuza wayo, akaona unavyoelekea chini. Sauti yake ilipotoka haikukata kama siku zote.

"Nani aliweka mto?"

Nikafungua kinywa. Mama akaniwahi kujibu.

"Mimi niliutaka. Huyu alinikatalia, nikamlilia. Ana moyo mwepesi mke wa mwanangu, akanionea huruma."

Tulitazamana. Hawezi kunitaja mimi bila kujitaja yeye, na mimi hali kadhalika. Lakini machoni mwake kulikuwa na kingine, nami nilikitambua kabla hajafungua tena kinywa.

"Mwalimu," akasema, amemshika yule binti mkono, machozi yanamtiririka, "nasikia mnamchukua. Na mimi nitabaki na nani? Huyu mwanangu analala mchana, usiku hayupo. Sina binti. Ninaye huyu tu."

Mume wangu alisema, bila kugeuka, "Kweli, hali yenyewe ndiyo hiyo."

Mwalimu aliniita nje. Alisema alinitegemea kuliko wote. Alisema nilijua, aliniona nikiandika siku ile, na nikafanya kinyume kwa sababu mgonjwa alilia, na mtu wa namna hiyo hawezi kumkabidhi chumba cha wagonjwa wanaolia kutwa. Ningeweza kumwambia kwamba sikumwonea mtu huruma. Fikiria, huo ndio ukweli ambao ungenisafisha.

"Nafasi nitaishikilia mpaka mwisho wa mwaka," akasema. "Goti hili litanyooka kwa mkono tu, asubuhi na jioni, kila siku, kwa miezi. Ataumia. Atakulaani. Siku akisimama mwenyewe kwa miguu miwili, mlete kituoni nimwone, na uje na viatu vya kazi. Asiposimama, nitampa mwingine."

Akanionyesha namna ya kushika, akaenda.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua zimekatika. Ua umekauka, watoto wa jirani wanacheza mpira.

Asubuhi nilifunga mlango wa chumba cha mama. Mume wangu alitaka kuingia, nikamwambia akalale. Nikampa mama kitambaa cha kuuma.

"Nikinyooka utaondoka," alisema.

"Nitaondoka."

"Basi sinyooki."

"Utanyooka, Mama."

Nikaweka mkono wa kushoto juu ya paja, wa kulia kwenye kisigino, nikaanza kushusha. Akaukunja. Akaukunja kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, kano zimesimama, ananitazama usoni moja kwa moja huku amekiuma kile kitambaa. Mwanamke mzima wa miaka sabini, anapigania kilema chake. Na mimi namshusha. Alipiga ukelele kitambaa kikadondoka, na mume wangu akaita kutoka upande wa pili wa ukuta, "Taratibu huko!" kisha akanyamaza.

Limeshuka upana wa ukucha. Jioni tutarudia.

Kabla ya kuanza nilisali, kama ninavyosali kabla ya kila kazi. Niliomba nguvu za mikono. Huruma sikuiomba.